Msamiati wa Mikahawa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: Njia za Ukopaji, Maumbo na Maana

IKISIRI

Makala hii inachunguza msamiati unaotumika mahali pa kulia chakula na kunywa kahawa na chai katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hoja yake ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya msamiati huu haikutoka katika lugha andishi za Asia kama inavyodhaniwa, bali ilitoka katika lahaja za mazungumzo za mabandari ya Ghuba na ya magharibi ya Bara Hindi. Pili, maneno haya yalipofika Unguja yalibadilika maana kwa kiasi ambacho kumrejesha msomaji wa kamusi kwenye asili ya neno, bila ya kumweleza kitu chenyewe kilivyo Unguja, ni kumpotosha. Mwishoni makala inatoa mapendekezo kwa watungaji wa kamusi.

1.0 UTANGULIZI

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja cha mjini kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kutokana na uamuzi huo, msamiati wa Unguja mjini ungetarajiwa kuwa ndio uliochunguzwa kwa ukamilifu kuliko wa mahali pengine popote. Hata hivyo, wanaisimu wameshughulikia zaidi msamiati wa dini, sheria, ubaharia na fasihi. Msamiati wa mkahawani umeonekana kuwa ni wa kawaida mno, na aghalabu hutajwa kwa kupita katika orodha za maneno ya mkopo.

Kutojali huku kuna athari. Mkahawa ni mahali ambapo watu wa jamii mbalimbali hukutana kila siku bila ya kualikana, na mwenye kuagiza chakula hulazimika kutumia neno ambalo muuzaji analielewa. Kwa hiyo maneno ya mkahawani ni ushahidi mzuri wa namna lugha zilivyogusana kwa hakika, si kwa mujibu wa vitabu tu. Zaidi ya hayo, maneno haya ndiyo yanayokabiliwa na mashindano makali ya majina mapya yanayoletwa na utalii. Yasipoelezwa sawasawa sasa, vizazi vijavyo vitayapokea maelezo yake kutoka katika orodha za vyakula zilizoandikwa kwa ajili ya wageni.

Kazi ya Abdulaziz Lodhi ya mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili ilikwishaonyesha ukubwa wa mkopo kutoka Kiajemi, Kiarabu na lugha za Bara Hindi. Makala hii inajihusisha na eneo dogo zaidi, yaani mkahawa wa Mji Mkongwe, na inaangalia kwa pamoja sauti, umbo na maana.

2.0 USULI WA KIHISTORIA

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa ilivuta wafanyabiashara na mafundi kutoka Omani, Hadhramaut, Kachi, Gujarati na baadaye Goa. Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa Wabaniani kutoka Kachi, na Jairam Sewji ndiye aliyekuwa mashuhuri zaidi miongoni mwao. Makhoja, Mabohora, Wabaniani, Magoa, Washihiri na Wangazija waliishi mitaa iliyokaribiana sana, na vichochoro vya mji viliwalazimisha kusikiana na kunusa mapishi ya wenzao.

Ni muhimu kutilia mkazo kwamba Wahindi wengi wa Unguja hawakuwa wasemaji wa Kihindi. Wengi wao walisema Kikachi au Kigujarati, na Magoa walisema Kikonkani. Vivyo hivyo, Kiarabu kilichosikika sokoni hakikuwa kile cha Kurani na vitabu, bali kilikuwa cha Omani na Hadhramaut. Jambo hili ndilo ufunguo wa sehemu ya nne ya makala hii.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Waarabu na Wahindi wengi walihama. Katika miaka iliyofuata biashara ya rejareja iliwekwa chini ya udhibiti wa serikali, na vyakula kama mchele, unga na sukari viligawiwa kwa mgao. Hali hiyo ilibana sana biashara ya mikahawa, kwa kuwa unga wa ngano ndio roho ya chapati na sambusa. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa masharti, na baadaye utalii ukakua. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na bustani ya Forodhani, ambako chakula huuzwa jioni, ilifunguliwa tena mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba watu wengi walihama lakini maneno yao yalibaki, kwa sababu kufikia wakati huo yalikwisha kuwa maneno ya wapishi na wauzaji Waswahili.

3.0 MAJINA YA MAHALI PA KULIA

Neno “mkahawa” limeundwa kutokana na “kahawa”, ambalo asili yake ni “qahwa” la Kiarabu. Sauti q ya Kiarabu huwa k katika Kiswahili, kama ilivyo katika “qalam” kuwa “kalamu”, na irabu a imeingizwa kati ya h na w ili kuvunja mfuatano wa konsonanti. Lakini umbo “mkahawa” lina jambo la kushangaza. Katika Kiswahili, kiambishi m- kikitangulia jina la tunda au zao huunda jina la mti, kama inavyoonekana katika mifano ifuatayo:

(1) chungwa – mchungwa
    karafuu – mkarafuu
    nazi – mnazi

Kwa kanuni hiyo “mkahawa” lingetarajiwa kuwa mti wa kahawa. Halikuwa hivyo kwa sababu mti huo ulikuwa na jina lake, “mbuni”, kutokana na “buni”, neno lenye asili ya “bunn” la Kiarabu. Nafasi ya mti ilipokuwa imeshakaliwa, “mkahawa” lilibaki huru kubeba maana ya mahali. Kiarabu kina neno lake la mahali pa kunywea kahawa, yaani “maqha”, lakini Waswahili hawakulichukua. Walichukua jina la kinywaji na kujiundia jina la mahali kwa kiambishi chao wenyewe. Hivyo, “mkahawa” si neno la mkopo kwa maana kamili; ni neno la Kiswahili lililojengwa juu ya shina la mkopo.

Umbo la pili, “mgahawa”, linatokana na “gahawa”. Baadhi ya watumiaji huyachukulia maumbo haya mawili kuwa ni neno moja, na wengine huyatofautisha: mkahawa ni pa kahawa, chai na vitafunio, na mgahawa ni pa mlo kamili. Tofauti hiyo ikikomaa, lugha itakuwa imetumia lahaja mbili za matamshi ya neno moja la kigeni kwa kazi mbili za kimaana.

Neno “hoteli” nalo, kutoka Kiingereza, limetumika katika Afrika Mashariki kwa maana ya nyumba ya kuuzia chakula, hata ikiwa haina hata kitanda kimoja. Matumizi haya yanapatikana pia katika Bara Hindi, na yamkini wenye mikahawa wa Kihindi walichangia kuyaeneza. Mwisho ni “baraza”. Kahawa ya asubuhi na ya jioni, inayomiminwa kutoka katika mdila na kunywewa vikombe vidogo pamoja na kashata au halua, mara nyingi hainywewi ndani ya nyumba yoyote bali barazani, kama pale Jaws Corner, mahali mashuhuri kwa mazungumzo ya siasa. Baraza za aina hii kwa desturi ni za wanaume. Wanawake wengi hununua chakula cha nje na kukila nyumbani. Kwa hiyo “kula mkahawani” na “kula chakula cha mkahawani” si dhana moja, na tofauti hiyo haionekani katika fasili za kawaida.

4.0 NJIA ZA UKOPAJI

4.1 Ushahidi wa sauti

Maneno manne yanaweza kutumika kuonyesha njia ambayo msamiati huu ulipitia.

La kwanza ni “gahawa”, ambalo limekwishatajwa. Sauti g mahali pa q ni sifa ya lahaja nyingi za Kiarabu cha Ghuba na za mabedui. Umbo hili haliwezi kuelezwa kwa kutumia Kiarabu andishi.

La pili ni “chai”. Kiarabu andishi kina “shay”. Kiswahili huhifadhi sauti sh ya Kiarabu, kama katika “sharubati” na “shurba”. Kwa hiyo “chai” lisingeweza kutokana na “shay”. Kwa kawaida huhitimishwa kwamba neno hili lilitoka Kiajemi au lugha za Bara Hindi. Hitimisho hilo linawezekana, lakini haliondoi Waarabu katika safari ya neno, kwani katika Kiarabu cha Ghuba pia husikika ch katika neno hili kutokana na athari ya Kiajemi.

La tatu ni “sambusa”. Kihindi na Kigujarati vina “samosa”, bila ya b. Umbo la Kiswahili liko karibu zaidi na maumbo ya Kiajemi na Kiarabu yenye mb. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kukata shauri kwamba sambusa ililetwa na Waarabu peke yao. Lakini Kisindi, lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kikachi, kina umbo lenye mb vilevile. Kwa hiyo Mkachi na Muomani waliokutana katika mkahawa mmoja wangeweza kulitamka neno hili kwa namna zinazokaribiana, na Mswahili aliyewasikia asingekuwa na sababu ya kuuliza ni la nani.

La nne ni “mshikaki”. Omani hutumika “mishkak” kwa nyama iliyochomwa katika vijiti, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutoboa au kupenyeza. Hapa tena umbo la mazungumzo la Omani ndilo lililo karibu na la Unguja.

Maneno haya manne kwa pamoja yanaelekea upande mmoja. Kila moja linaelezeka vyema zaidi kwa kutumia lugha za mazungumzo za mabandari kuliko lugha za vitabu. Aidha, mawili kati yake, “chai” na “sambusa”, yanaonyesha kwamba swali la “Kiarabu au Kihindi?” huenda halikuulizwa sawasawa. Bahari ya Hindi ilikuwa na msamiati wa chakula ulioshirikiwa kutoka Sindi na Kachi hadi Maskati, na Unguja ilikuwa ni bandari mojawapo katika mzunguko huo.

4.2 Utohozi

Maneno yaliyopokewa yalirekebishwa kufuata mfumo wa sauti wa Kiswahili. Mabadiliko makuu ni matatu. Kwanza, konsonanti ghuna zenye mpumuo za lugha za Bara Hindi zilipoteza mpumuo: “bhajiya” limekuwa “bajia”, na wengine Unguja husema “badia”. Pili, maneno yanayoishia kwa konsonanti yaliongezewa irabu. Baada ya konsonanti ya midomo irabu hiyo huwa u, na baada ya nyingine aghalabu huwa i:

(2) kabab – kababu
    achar – achari
    kachumbar – kachumbari

Tatu, mfuatano wa konsonanti ulivunjwa. Neno “sharubati” linaonyesha kanuni zote mbili kwa pamoja: “sharbat” limepata u kabla ya b, kwa kuvutwa na midomo, na i baada ya t. Ukawaida wa mabadiliko haya ni dalili kwamba maneno yalipita midomoni mwa Waswahili wengi na kwa muda mrefu.

4.3 Mofolojia

Maneno mengi ya mkopo ya eneo hili yaliingia katika ngeli ya i-/zi-, ambayo haidai kiambishi dhahiri: sambusa hii, sambusa hizi. Lakini yako yaliyochambuliwa upya. “Mishkak” la Omani lilisikika kwa Mswahili kama wingi wenye mi-, na hivyo likaundiwa umoja “mshikaki”. Njia hiyo ndiyo iliyopitiwa na “miqass” la Kiarabu, ambalo ni umoja, likazaa “mkasi” na “mikasi”. Yawezekana pia kwamba irabu i iliyoingizwa katika “mshikaki” ilipendwa kwa sababu inalifanya neno lifanane na kitenzi “shika”.

Mfano wa kinyume ni “katlesi”, kutoka Kiingereza. Hapa alama ya wingi ya Kiingereza, s, ilichukuliwa kuwa sehemu ya shina, na sasa husemwa “katlesi moja”, kama isemwavyo “soksi moja”. Hivyo Kiswahili kiliona wingi pasipokuwa na wingi katika “mishkak”, na hakikuuona palipokuwa nao katika katlesi. Katika hali zote mbili kilichoamua ni sarufi ya mpokeaji.

5.0 MABADILIKO YA MAANA

Sehemu hii ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mtunga kamusi.

“Chapati” ya Unguja hukandwa kwa unga mweupe wa ngano, hupakwa samli au mafuta, hukunjwa, husukumwa tena na kukaangwa hadi iwe na matabaka. Katika Bara Hindi, mkate wenye sifa hizi hukaribia zaidi ule uitwao “paratha”. Chapati ya huko ni nyembamba na kwa kawaida huokwa bila ya mafuta. Maana imehama, na baada ya kuhama imezaa matawi: “chapati za kusukuma” na “chapati za maji”. Hizi za pili hutengenezwa kwa uji wa unga unaomiminwa juu ya chuma, na sifa ya kusukumwa haimo kabisa.

“Kachori” ya Unguja ni kiazi kilichopondwa, kikatiwa ndimu na pilipili, kikafanywa donge, kikachovywa katika uji wa unga wa dengu na kukaangwa. Gujarati na kaskazini mwa Bara Hindi, kachori ni andazi la unga lililotiwa ndani nafaka za jamii ya kunde. Chakula kinachofanana na kachori ya Unguja kipo huko, lakini kina jina jingine. “Bajia” nayo, ambayo asili yake ni ya unga wa dengu, hufanywa Unguja kwa kunde zilizosagwa pia. Kunde ni zao la Afrika. Kwa hiyo jina ni la Asia na kitu chenyewe ni cha hapa.

Mabadiliko haya hayahusu maneno ya mkopo pekee. “Mkate wa mayai” Unguja ni keki nyepesi ya mayai, sukari na unga, yenye harufu ya iliki. Mombasa jina hilohilo hutumika kwa unga mwembamba uliokunjiwa nyama ya kusaga na mayai na kukaangwa. Chakula hicho cha Mombasa, chenye undugu na “mutabbaq” ya Waarabu, kinafanana sana na kile ambacho Forodhani huuzwa kwa jina la “pizza” ya Zanzibar. Matokeo yake ni kwamba kamusi ikiandika “mkate wa mayai” kwa fasili moja tu, itakuwa imekosea kwa nusu ya pwani. Vilevile, anayeamini kwamba “pizza” ya Forodhani ni ubunifu uliotokana na Italia atakuwa amepotezwa na jina. Lililotoka ng'ambo ni neno. Ufundi wa kukunja unga juu ya nyama na mayai ulikuwapo katika Bahari ya Hindi.

Namna maneno haya yanavyoungana na mengine inathibitisha kwamba yamezaliwa upya. Kihusishi -a cha unganifu hutumika kwa uhuru kamili: sambusa za nyama, sambusa za mboga, bajia za kunde, chatne ya nazi. Virai hivi vimeundwa Unguja, na havina chanzo katika lugha yoyote ya Asia.

6.0 MFANO WA PEKEE: UROJO

Ikiwa kachori ni jina la kigeni lililopewa chakula kilichobadilika, urojo ni kinyume chake. Kwa mujibu wa umbo, “urojo” ni neno la Kiswahili lenye shina “rojo”, lenye maana ya kitu kizito kiasi, kisicho maji wala kigumu. Kutokana na shina hilo hupatikana pia “rojorojo”. Lakini ndani ya bakuli la urojo kuna nini? Kuna mchuzi wa unga uliotiwa manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, kisha vipande vya viazi, bajia, kachori, mishkaki, yai, chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Majina kadhaa ya vilivyomo yana asili ya nje, na jina la mkusanyiko ni la ndani.

Hili si jambo dogo. Wapishi wa Unguja hawakukiita chakula hiki kwa jina la kiungo chake chochote, wala hawakutafuta jina la Kihindi. Walikitaja kwa hali yake, jinsi kinavyoonekana na kuhisika mdomoni. Mombasa nako hupatikana “viazi vya rojo”, jambo linaloonyesha kwamba shina hili limetumika katika mapishi nje ya Unguja pia. Hivi leo, Tanzania Bara na katika mabango ya watalii, urojo huitwa zaidi kwa jina la Kiingereza lenye maana ya “mchanganyiko wa Zanzibar”. Jina hilo linaeleza mahali na wingi wa vitu, lakini linapoteza kile ambacho jina la Kiswahili lilikiona kuwa ndicho kiini: mchuzi wenyewe. Bila ya rojo, vyote vilivyobaki ni vitafunio vilivyowekwa pamoja.

7.0 ATHARI KWA UTUNGAJI WA KAMUSI

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka msingi wa kuonyesha asili ya maneno kwa vifupisho vya lugha. Tangu wakati huo pwani imepata kamusi nyingi za lugha moja, zikiwamo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (2010). Kutokana na mjadala uliotangulia, mambo manne yanapendekezwa.

(a) Kifupisho kimoja cha “Kihindi” kigawanywe, kila inapowezekana, ili Kikachi, Kigujarati na Kikonkani vionekane. Hali kadhalika, Kiarabu cha Omani na Ghuba kitofautishwe na Kiarabu andishi.

(b) Pale ambapo njia zaidi ya moja zinawezekana, kama katika “sambusa” na “chai”, zitajwe zote.

(c) Fasili ielezee kitu kama kinavyotengenezwa na Waswahili, na tofauti za mahali zionyeshwe.

(d) Virai vilivyozoeleka vyenye -a unganifu viingizwe kama vidahizo vidogo.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, kidahizo kingeweza kuwa hivi:

(3) kachori nm [i-/zi-] donge la kiazi kilichopondwa na kuungwa kwa ndimu na pilipili, lililochovywa katika uji wa unga wa dengu na kukaangwa; huliwa peke yake au katika urojo. [Kigujarati/Kihindi; huko, andazi lenye kunde ndani]

(4) mkate wa mayai nm 1. (Unguja) keki nyepesi ya mayai, sukari na unga. 2. (Mombasa) unga mwembamba uliokunjiwa nyama na mayai na kukaangwa.

Huenda ikahojiwa kwamba maelezo ya aina hii yanaigeuza kamusi kuwa kitabu cha mapishi. Pingamizi hilo lina uzito kwa kamusi ndogo za shuleni. Hata hivyo, kamusi inayofasili “kachori” kuwa “aina ya chakula” haijafasili chochote, kwani kila kilichomo mkahawani ni aina ya chakula.

8.0 HITIMISHO

Makala hii imeonyesha kwamba msamiati wa mikahawa ya Mji Mkongwe ulitoka zaidi katika lugha za mazungumzo za mabandari, kwamba ulirekebishwa kwa kanuni za kawaida za Kiswahili, na kwamba maana zake zilibadilika pamoja na mapishi. Neno “mkahawa” lenyewe ni kielelezo: shina lilivuka bahari, kiambishi kilikuwa kinalisubiri pwani. Mtazamo unaoyahesabu maneno haya kuwa ya wageni kwa sababu tu ya asili yake unapuuza kazi iliyofanywa na wasemaji kwa vizazi kadhaa. Utafiti zaidi unahitajika katika Pemba, Ng'ambo na mashamba ya Unguja, na hasa katika msamiati wa jikoni wa wanawake, ambao huenda umehifadhi maumbo na maana ambazo mkahawa, ukiwa uwanja wa wanaume, haukuzihifadhi.